Geoffrey Taylor: Bingwa wa Vitu Visivyotulia

Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), katika ukurasa huu wa wasifu safari hii tunamleta mtu ambaye hakuwa Mwislamu, na ambaye jina lake halisikiki sana nje ya madarasa ya fizikia na uhandisi. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alieleza jambo ambalo hadi leo linawasumbua wataalamu wanaojaribu kuiwasha hapa duniani nishati inayoliwasha jua. Pili, kazi yake ilikutana na madini yaliyochimbwa jirani na sisi, takriban kilomita 300 kutoka Kashikishi, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Mtu huyo ni Geoffrey Ingram Taylor.

Kuzaliwa na masomo

Taylor alizaliwa London tarehe 7 Machi 1886. Baba yake alikuwa msanii wa michoro. Mama yake, Margaret, alikuwa binti wa George Boole, mwanahisabati ambaye mantiki yake ya kweli na si kweli ndiyo inayoendesha kila kompyuta na kila simu tunayoishika leo. Mwaka 1905 kijana huyo aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge, akasoma hisabati na kisha fizikia.

Utafiti wake wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1909, ulikuwa juu ya mwanga hafifu mno. Alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga uliopunguzwa kwa vioo vilivyopakwa masizi, mpaka picha moja ikahitaji takriban miezi mitatu kukamilika. Inasimuliwa kwamba wakati picha inajitengeneza yenyewe, yeye alikwenda zake kusafiri na mashua ya tanga. Ukweli wa kisa hicho unalingana na tabia yake: alipenda majaribio yenye vifaa vichache, na aliipenda bahari kuliko ofisi.

Mwezi Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu ikazama. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilituma meli ya Scotia katika Atlantiki ya Kaskazini kuchunguza barafu, na Taylor akaenda kama mtaalamu wa hali ya hewa. Kutoka kwenye sitaha alirusha tiara zilizobeba vipimo vya joto na unyevu. Kutokana na vipimo hivyo alieleza jinsi hewa inayozungukazunguka inavyosafirisha joto kutoka tabaka moja kwenda jingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alipelekwa Farnborough kwenye utafiti wa ndege. Hakuridhika kukokotoa mezani tu. Alijifunza kurusha ndege mwenyewe, na akaruka kwa mwavuli.

Mwaka 1923 alipewa uprofesa wa utafiti wa Royal Society, kazi iliyomwondolea mzigo wa kufundisha. Alikaa nayo hadi mwaka 1952. Hakutafuta ukuu wa idara wala kundi kubwa la wasaidizi. Alikuwa na chumba cha maabara, fundi mmoja wa kumtengenezea vifaa, na maswali.

Nanga inayoshika bila uzito

Kabla ya kufika kwenye jambo lililompa umaarufu mkubwa, tutaje kazi moja inayoonyesha alivyofikiri. Taylor na mkewe Stephanie walikuwa na mashua yao, Frolic, na mwaka 1927 waliiendesha mpaka visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwe. Kila mwenye chombo kidogo anaijua shida ya nanga. Mvuvi wa Kashikishi anayetoka usiku na taa zake kuvua chisense anajua kwamba upepo ukichachamaa, nanga nyepesi huburutika. Nanga nzito hushika, lakini inamchosha anayeivuta na inakula nafasi ya samaki.

Watu walikuwa wakijibu shida hiyo kwa kuongeza uzito. Taylor aliuliza swali jingine: je, kinachoshika ni uzito, au ni umbo? Akatengeneza nanga yenye umbo la jembe la plau. Ukiivuta haitelezi juu ya mchanga, inajichimbia chini, na kadiri unavyoivuta ndivyo inavyozidi kuzama. Aliisajili hataza yake mwaka 1933, ikaitwa CQR, herufi ambazo zikitamkwa kwa Kiingereza zinakaribia neno la usalama. Nanga za namna hiyo zingali zinatumika duniani kote.

Kizito juu ya chepesi

Sasa tuingie kwenye kiini cha makala yetu. Jaza maji kwenye glasi, ifunike kwa kadi ngumu, kisha ipindue. Maji hayamwagiki. Shinikizo la hewa linaloisukuma kadi kutoka chini lina uwezo wa kubeba nguzo ya maji ya takriban mita 10, sembuse maji ya glasi. Ondoa kadi, na maji yote yanamwagika papo hapo. Swali ni hili: hewa ni ileile na shinikizo ni lilelile, kwa nini sasa imeshindwa kuyabeba?

Jibu ni kwamba hewa haikukosa nguvu. Kilichokosekana ni utulivu wa uso wa maji. Kadi iliufanya uso huo uwe bapa. Ilipoondoka, vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho yalianza kukua: mahali maji yaliposhuka kidogo yakashuka zaidi, na mahali hewa ilipopanda kidogo ikapanda zaidi, mpaka hewa ikapenya na maji yakaanguka. Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza jambo hili kwa hisabati mwaka 1883, kwa hali ya kimiminika kizito kilichokaa juu ya chepesi.

Taylor alilipanua. Alionyesha kwamba si lazima kizito kiwe juu. Yatosha kitu chepesi kiwe kinakisukuma kizito na kukiongezea kasi. Mfikirie abiria kwenye basi linaloondoka kwa nguvu: anajiona anavutwa nyuma, kana kwamba upande wa chini umehamia nyuma ya basi. Hali hiyo ya kuongezeka kwa kasi wanafizikia huiita mchapuko. Basi kitu kizito kinachosukumwa na chepesi kwa mchapuko mkubwa kiko katika hali ileile ya maji ya glasi iliyopinduliwa, hata kama kinasukumwa kwenda pembeni, kwenda juu au kuelekea ndani.

Hatari iko katika namna kasoro inavyokua. Mwanzoni haikui kwa kujumlisha, inakua kwa kujizidisha: baada ya muda fulani inakuwa maradufu, na baada ya muda mwingine kama huo inakuwa maradufu tena. Kasoro iliyojizidisha hivyo mara 10 imekuwa kubwa zaidi ya mara 1,000. Na mikunjo midogomidogo ndiyo inayokua upesi zaidi. Mwisho wake uso uliokuwa laini unageuka kuwa vidole vya kitu kizito na mapovu ya kitu chepesi, na viwili hivyo vinachanganyika.

Los Alamos, na madini ya ng'ambo ya ziwa

Taylor hakulifikia jambo hili akiwa amepumzika kwenye mashua yake. Alilifikia katikati ya vita. Mwaka 1944 alikwenda Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, Marekani, ambako bomu la atomu lilikuwa likitengenezwa kwa siri. Wataalamu wa huko walitaka kuifinya tufe ya plutoni kwa baruti iliyoizunguka pande zote, ili ikandamizwe kuelekea ndani. Taylor, aliyekuwa bingwa wa mawimbi ya milipuko, aliwaonyesha kwamba pale kitu chepesi kinapokisukuma kizito kwa mchapuko mkubwa, mpaka baina yao hautatulia. Hofu ya kasoro za namna hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuchagua kiini kigumu kisicho na uwazi ndani, ambacho kilikuwa salama zaidi kukadiria.

Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico, na Taylor alikuwa miongoni mwa walioshuhudia. Tarehe 9 Agosti bomu la aina hiyohiyo liliangushwa Nagasaki, siku tatu baada ya bomu la aina nyingine kuangushwa Hiroshima. Makumi ya maelfu ya watu walikufa katika kila mji, wengi wao raia, wanawake, wazee na watoto.

Hapa ndipo habari hii inaporudi kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi ule ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga karibu na Likasi. Mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, kampuni ya Kibelgiji iliyoumiliki mgodi huo ilikwishapeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani tajiri. Wachimbaji wa Kikongo waliyatoa mawe yale ardhini bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Mali ilitoka kwetu, hesabu ilifanywa kwingine, na uamuzi ulifanywa kwingine kabisa.

Baada ya vita, picha za mlipuko wa New Mexico zilipotolewa hadharani, Taylor alipima jinsi tufe la moto lilivyotanuka kwa kila sehemu ya sekunde. Kwa picha hizo na hesabu yake alikadiria nguvu ya bomu kuwa sawa na takriban tani 17,000 za baruti, ilhali idadi hiyo ilikuwa bado siri ya serikali. Hesabu hiyo aliichapisha mwaka 1950. Mwaka huohuo alichapisha pia kazi yake juu ya nyuso zinazopewa mchapuko, na mwenzake D. J. Lewis akaithibitisha kwa majaribio ya maji na hewa. Tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa majina ya watu wawili: Rayleigh na Taylor.

Kufinya kwa sumaku badala ya baruti

Jua linawaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni. Kufanya hivyo hapa duniani kunahitaji joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kwa joto hilo kila kitu ni plazma, yaani gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Njia moja ya kuipata ni kuifinya kwa nguvu ya sumaku.

Nguvu hiyo si ngeni katika maumbile. Mwaka 1905 wanasayansi wawili wa Sydney, Pollock na Barraclough, walichunguza bomba la shaba lililopigwa na radi huko New South Wales. Bomba lilikuwa limebonyea kuelekea ndani kana kwamba limefinywa na mkono. Waliona sababu yake: mikondo ya umeme inayokwenda upande mmoja huvutana. Umeme mwingi ukipita kwenye bomba, unalifinya.

Mashine kubwa kuliko zote za kazi hii inaitwa Z, na iko katika maabara ya Sandia mjini Albuquerque, katika jimbo lilelile la New Mexico. Inapitisha mkondo wa takriban ampea milioni 26 kwenye silinda ndogo ya metali ya berili, isiyofika sentimita moja kwa urefu. Birika la umeme la nyumbani hutumia ampea 10 hivi. Ndani ya silinda kuna haidrojeni nzito. Sumaku inaibomoa silinda kuelekea ndani kwa muda wa takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Lakini sumaku haina uzito, na metali ina uzito. Chepesi kinakisukuma kizito. Mwaka 1954 Kruskal na Schwarzschild walionyesha kwa hesabu kwamba plazma inayobebwa na nguvu ya sumaku inasumbuliwa na kutotulia kulekule. Silinda inajikunja, ukuta wake unatoboka, metali inachanganyika na haidrojeni, na joto linapotea kabla viini havijaungana vya kutosha.

Wataalamu wa Sandia na wenzao hawajaliondoa tatizo hili, ila wamelipunguza kwa njia kadhaa. Kwanza, kulainisha chanzo. Miaka ya 1990 walipotumia nyuzi za tungsteni badala ya silinda nzima, waligundua kwamba wakiongeza idadi ya nyuzi, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, mporomoko unakuwa sawia zaidi na mwanga wa eksirei unaotoka unaongezeka sana. Pili, kuufanya ukuta wa silinda uwe mnene, ili mikunjo ya nje isiwahi kufika ndani. Tatu, kuipaka metali utando mwembamba wa plastiki. Umeme unapoanza kupita, sehemu yenye joto zaidi kidogo huzuia umeme zaidi, hivyo hupata joto zaidi, na hapo ndipo kasoro za kwanza huzaliwa. Plastiki inaibana metali wakati huo, na mbegu ya kasoro inabaki ndogo.

Nne, kuizungusha sumaku. Mikunjo hukua kwa urahisi ikilala sambamba na mistari ya sumaku, kwa kuwa hapo hailazimiki kuipinda. Ikiwa mwelekeo wa sumaku unageuka wakati silinda inafinywa, mkunjo uliokuwa umepata njia unajikuta unapingwa, na mwingine unaoanza nao haupati muda. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba njia hii inapunguza ukuaji wa mikunjo. Na tano, kuyapasha joto mafuta kwa leza kabla ya kuyafinya, huku yakiwa na sumaku ndani inayozuia joto kutoroka, ili isihitajike kufinya kwa nguvu kupita kiasi. Majaribio ya mpango huo yalianza mwaka 2013.

Mashine ya Z haijafikia kutoa nishati zaidi ya inayotumia. Mwezi Desemba 2022 maabara nyingine ya Marekani, inayofinya kwa leza, ilipata kwa mara ya kwanza nishati zaidi ya ile iliyoletwa na miale ya leza kwenye shabaha. Huko nako adui mkubwa amekuwa kasoro zilezile ndogo za Rayleigh na Taylor.

Miaka ya mwisho

Taylor mwenyewe hakuishi kuyaona haya. Alistaafu mwaka 1952, lakini hakuacha maabara. Alichunguza jinsi viumbe wadogo mno wanavyoogelea, na mwaka 1964 alieleza kwa nini tone la maji lililo katika nguvu kubwa ya umeme huchongoka kama pia. Alikuwa amepewa cheo cha Sir mwaka 1944, na mwaka 1969 akapewa nishani ya Order of Merit, inayoshikwa na watu wachache tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 alipata kiharusi kilichomkatisha kazi. Alifariki Cambridge tarehe 27 Juni 1975, akiwa na umri wa miaka 89. Yeye na mkewe hawakujaaliwa watoto.

Tunajifunza nini

Ndugu msomaji, mtu huyu mmoja alitengeneza nanga inayookoa maisha ya mabaharia, na hesabu yake ikasaidia silaha iliyoangamiza mji. Kanuni ileile iliyowatahadharisha watengeneza bomu ndiyo inayowaongoza leo wanaotafuta umeme usio na moshi. Wala tusidanganyane: maabara ya Sandia ina jukumu la silaha za nyuklia za Marekani hadi sasa, na mashine ya Z inazitumikia kazi zote mbili. Elimu ni moja. Kinachotofautiana ni nia ya anayeitumia, na nani ana sauti wakati wa kuamua.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah elimu yenye manufaa, na akijikinga Kwake na elimu isiyonufaisha. Qur'an nayo inatukumbusha kwamba chuma kimeteremshwa kikiwa na nguvu kali na manufaa kwa watu, vyote viwili ndani ya kitu kimoja. Mwanafunzi Mwislamu hawezi kuikimbia fizikia kwa kuogopa ile nguvu, kwa sababu akiikimbia atabaki mchimbaji wa mawe asiyeambiwa yanakwenda wapi. Bara letu limekwishasema neno lake: mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kufanya kazi mwaka 2009. Kazi iliyobaki ni kuwa na watu wetu wanaojua hesabu.

Na haja ipo. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya Kariba, na Zambia, inayotegemea sana umeme wa maji, ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Samaki waliharibika kwenye majokofu na wanafunzi walisoma kwa mishumaa. Anayetafuta njia mpya ya umeme hatafuti anasa.

Funzo la mwisho ni la nafsi. Taylor alituonyesha kwamba kasoro inadhibitiwa inapokuwa mbegu. Ikishajizidisha mara kumi, nguvu yoyote unayoongeza inazidi kuikuza tu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa swala inayocheleweshwa kidogo, deni dogo linalofichwa, na somo moja linalorukwa mwanzoni mwa muhula. Tulainishe uso mapema, kabla msukumo haujaanza.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na nia njema ya kuitumia. Wabillahi tawfiiq.